Canon 1100D ya zamani au nihamie G7 X Mark II? Naombeni ushauri wakuu

Kijana wa Kihonda

Habari za muda huu wakuu. Niko Morogoro, nina Canon 1100D ambayo kaka yangu aliniachia alipohamia Mwanza, ina ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo na betri mbili, bodi haina shida yoyote. Sasa kuna jamaa hapa mjini anauza G7 X Mark II, ile kamera ndogo ya Canon yenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya inchi 1, kwa macho iko safi na anataka milioni moja na laki mbili. Mpango wangu ni kuuza 1100D, niongezee akiba yangu niichukue.

Matumizi yangu ni hivi. Napiga bethidei, komunio na kipaimara za mtaani, watu wananilipa kidogo kidogo. Siku zangu mwenyewe napenda kupanda Uluguru kule Morningside kupiga mandhari na watu, alafu mdogo wangu anapika na kuweka mtandaoni ananiomba nimrekodie video. 1100D mlimani ni mzigo na ukiitoa kwenye daladala gari zima linakutazama. Video zake nazo ni 720p tu.

Kinachonichanganya, rafiki yangu mmoja anasema sensa ya DSLR (kamera kubwa za kubadilisha lenzi kama hii yangu) ni kubwa kwahiyo picha lazima iwe nzuri zaidi, lakini nikiangalia picha za usiku alizonitumia huyo muuzaji naona zimetoka safi kuliko zangu kabisa. Inawezekanaje sensa ndogo ikaishinda kubwa? Na je niuze au nisiuze?

BintiPwani

Kwa video chukua G7 X na usiangalie nyuma. 1100D ukishaanza kurekodi haifuati fokasi yenyewe, mdogo wako akisogea kutoka kwenye jiko kwenda mezani anakuwa ukungu mpaka ubonyeze tena na kwenye video inaonekana lenzi inavyohangaika. G7 X Mark II inarekodi 1080p mpaka fremu 60 kwa sekunde, kioo chake kinageuka juu hata akijirekodi mwenyewe anajiona, na unagusa kwenye kioo pale unapotaka fokasi iende. Mimi ninayo, natembea nayo kwenye pochi.

Ila ujue haina tundu la maiki. Wengi wanakuja kushangaa baadae. Sauti ya mafuta yanavyokaanga itaingia vizuri sana na sauti ya mdogo wako itazama, kwahiyo mrekodie sauti kwa simu pembeni au mfukoni mwake alafu uunganishe wakati wa kuediti. Yenye tundu la maiki ni Mark III ya 2019 na bei yake ni nyingine.

fundilenzi

Mkuu hilo swali la sensa ndogo kuishinda kubwa ndio la msingi, ngoja nilieleze taratibu maana watu wengi wanaishia kwenye ukubwa wa sensa wanasahau lenzi iliyokaa mbele yake.

Sensa ya 1100D ni milimita 22.2 kwa 14.7. Hiyo inayoitwa ya inchi 1 wala haifiki inchi upande wowote, ni milimita 13.2 kwa 8.8, jina limerithiwa kutoka enzi za mirija ya kamera za televisheni. Ukizidisha utaona eneo la sensa yako ni karibu mara 2.8 ya ile. Kwahiyo rafiki yako ana hoja, lenzi zikiwa kwenye f ile ile (namba ya tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa) 1100D inakusanya mwanga mara 2.8.

Sasa shida ni kwamba haziko kwenye f ile ile. 18-55 yako inaanza f/3.5 na ukizumu mpaka mwisho inabana mpaka f/5.6. G7 X inaanza f/1.8 na mwisho wa zumu bado iko f/2.8. Kutoka 5.6 kwenda 2.8 ni stopu mbili, yani mwanga mara nne. Wewe una faida ya mara 2.8 kwenye sensa, yeye ana faida ya mara 4 kwenye lenzi, hesabu inaishia kwake. Upande wa wide, yani kabla hujazumu, nako ni hivyo hivyo, 3.5 na 1.8 zinaachana karibu mara 3.8. Ukiwa ukumbini taa hafifu wewe unalazimika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga, ikipanda picha inapata chenga) mpaka 3200 yeye yuko 800 anakula upepo.

Juu ya hapo weka umri. 1100D ilitangazwa mwanzoni mwa 2011, G7 X Mark II ni ya 2016, na sensa yake ni ya ule muundo ambao nyaya zimepelekwa nyuma ili zisizibe mwanga. Zile sensa za Canon za wakati wa 1100D ukivuta vivuli kwenye RAW (faili ghafi la picha) unaona mistari mistari inatokea sehemu za giza, hasa kwenye suti nyeusi na ngozi iliyokaa kivulini. Kwahiyo macho yako hayakukudanganya.

Lakini soma na hii kabla hujauza. Yote niliyosema ni 1100D na hiyo lenzi ya 18-55. Bodi yako inabadilisha lenzi na G7 X haibadilishi milele. Kuna Canon 50mm f/1.8 STM, ilitoka 2015, ni ndogo, ina gramu 160, na za mtumba zipo tele. Ukiivaa hiyo, ule ushindi wote wa G7 X kwenye mwanga unageuka, maana sasa hata G7 X ikiwa kwenye wide f ni 1.8 kwa 1.8, na kwenye umbali wa picha za sura ni 1.8 yako kwa 2.8 yake, na sensa kubwa ni yako.

Na ile blari ya nyuma ya mtu ambayo wateja wanaipenda haitokani na neno DSLR. Inategemea sana upana wa tundu la lenzi. Chukua urefu wa lenzi gawa kwa f. 18-55 yako ikiwa mwisho ni 55 gawa kwa 5.6, unapata tundu la milimita 10 hivi. G7 X mwisho wa zumu urefu wake halisi ni 36.8 gawa kwa 2.8, unapata 13. 50mm gawa kwa 1.8 ni 28. Ona hapo, 10, 13, 28. Lenzi uliyonayo inashindwa na kamera ya mfukoni hata kwenye blari, na lenzi ambayo huna inaziacha zote mbili mbali sana.

Kwahiyo milioni na laki mbili yote kwenye G7 X mimi siitoi kwa mtu anayelipwa kupiga komunio. Nunua 50mm na flashi, kaa na bodi yako.

Mvita254

Fundi hapo juu kasema kweli tupu. Naongeza la huku kwetu pwani, mimi niko Mombasa na kazi yangu ni harusi na picha za wageni wa ufukweni.

Kamera hizi ndogo za zumu zina jambo moja baya, ile lenzi kila ukiwasha yatoka nje na ukizima yarudi ndani, na ikitoka yavuta hewa. Hewa ikiwa na vumbi au chumvi au mchanga ule mdogo mdogo basi waingia mpaka kwenye sensa, na ukiingia hapo huna la kufanya mwenyewe, mpaka fundi aifungue yote. DSLR vumbi laingia pia, tena 1100D haina hata ule mfumo wa kujipangusa sensa, lakini watoa lenzi, wainua kioo cha ndani kwa menyu ya kusafisha, wapuliza kwa pampu ya mpira (usipulize kwa mdomo, mate!) na kazi imeisha.

Kisha kuna mota ya hiyo lenzi. Ikigongwa imetoka, au ikiwashiwa ndani ya mkoba ikakosa nafasi, meno yake yaharibika, kioo chaandika ni hitilafu ya lenzi na kamera nzima imelala. Kwenye DSLR lenzi ikifa wanunua lenzi.

Kwa hiyo ukienda kuiona hiyo ya muuzaji fanya hivi: iwashe na uizime mara kadhaa usikilize kama yakwaruza. Zumu mpaka mwisho na urudi. Kisha iweke f/11, elekeza kwenye ukuta mweupe au mbingu, piga, ukuze picha utazame madoa. Ukiona madoa yakaa pahala pamoja kila picha, hilo ni vumbi la ndani. Na uwashe flashi, maana ile flashi ya kuchomoka nayo huvunjika.

Na huko Morogoro unyevu mwausikia, siku za masika weka kamera na lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana na pakiti za silika. Fangasi wakishaota ndani ya kioo cha lenzi hata ukiwasafisha mara nyingi hubakisha alama.

Kijana wa Kihonda

Duh asanteni sana, hiyo hesabu ya 10, 13, 28 imenifungua. Fundi, hiyo 50mm si haizumu? Kwenye sebule za watu nitarudi nyuma mpaka wapi? Na flashi nilikuwa siipendi kwasababu flashi ya juu ya kamera inawafanya watu wang'ae usoni kama wamepakwa mafuta.

Alafu wateja je, mtu akiona natoa kamera ya mfukoni si ataona nimemtapeli?

Mzee wa Sanduku

Kijana, nimeanza kazi hii na filamu, nakujibu kwa uzoefu.

La wateja. Mteja wa mtaani anaangalia kamera kwa muda mfupi tu kabla hujaanza kazi, baada ya hapo anaangalia kama unajua kuwapanga watu, kama umemtangulia bibi wa mtoto kwenye picha ya familia, kama hukukosa wakati mtoto anapakwa krisma na askofu. Album ikifika nyumbani hakuna anayeuliza ilipigwa na nini. Lakini usijidanganye kwamba haina maana kabisa, kanisani ukiwa na kamera kubwa mashemasi na wazee wa kanisa wanakupisha kwenye njia ya katikati, ukiwa na ndogo wanadhani ni mjomba wa mtoto na wanakurudisha kwenye benchi. Hilo linakugharimu picha.

La flashi. Kung'aa huko kunatokana na flashi kuwa ndogo na kutazama uso moja kwa moja. Flashi ya kuvaa juu unaigeuza itazame dari, na bahati nzuri kumbi na sebule nyingi sa hivi zina dari nyeupe ya jipsamu, basi dari nzima inakuwa taa yako, mwanga unashuka laini, ngozi inatoka na rangi yake. Hapa ndipo G7 X Mark II inapokukwamisha kwa kazi zako, haina ile reli ya juu ya kuvalia flashi. Ina hiyo ya kuchomoka tu basi. 1100D inayo, na pini yake ya katikati ya kuwashia flashi ipo, kwahiyo hata flashi ya bei nafuu ya Yongnuo YN560 inawaka.

Nasema habari ya pini kwa makusudi, kwa wengine mnaosoma hapa. Canon walipotoa 2000D na 4000D mwaka 2018 waliondoa ile pini ya katikati. Flashi za kawaida za kampuni nyingine na vile vifaa vya kuwashia flashi kwa mbali vingi haviwaki pale. Watu wanauza 1100D au 1300D wakidhani wanapanda daraja kwenda 2000D, kumbe flashi zao zote zimekuwa mapambo. Kijana ukija kubadilisha bodi, tazama pini kabla ya kutazama megapikseli.

Na wa Nikon nao wajue lao: D3100, D3200, D3300 bodi hazina mota ya fokasi, ukinunua 50mm f/1.8D kwasababu ni rahisi utakuwa unazungusha kwa mkono maisha yako yote. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota ndani ya lenzi yenyewe.

fundilenzi

Mzee umemaliza kuhusu flashi.

Kijana kuhusu 50mm ndani ya sebule, ni kweli inabana. Kwenye 1100D inaona kama lenzi ya 80mm kwenye kamera ya filamu, nzuri kwa mtu mmoja mpaka watatu, kwa keki na watoto wanaopuliza mishumaa, kwa kundi la ukoo mzima haifai. Kwa kundi unarudisha 18-55 yako iweke kwenye 18, f/5.6, flashi darini, na hapo ule udhaifu wa lenzi hauna kazi tena kwasababu mwanga unaleta wewe. Ndio maana nilisema flashi na 50 viende pamoja.

Angalia pia hiyo 18-55 yako kama imeandikwa IS pembeni. 1100D iliuzwa kwa aina mbili, kuna yenye IS na kuna ile 18-55 III isiyo na kitulizo cha mkono. Kama ni hiyo ya pili ndio maana picha zako za usiku zinatoka zimetikisika, ibadilishe na yenye IS, ni lenzi ya bei ndogo.

BintiPwani

Mnamchagulia kazi tu mmesahau maisha yake. Kasema anapanda mlima. 1100D bodi peke yake ni karibu nusu kilo, weka lenzi, weka flashi, mkoba, maji ya kunywa. G7 X ni gramu 319 na betri yake ndani. Kamera inayobaki nyumbani haipigi picha na nimeona watu wengi sana wenye DSLR nzuri kabatini na picha zao zote za miaka ziko kwenye simu.

Na kuna kitu G7 X inafanya ambacho hiyo 1100D haiwezi kwa flashi yake ya ndani wala kwa hiyo YN560. Shata ya G7 X (kile kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga) iko ndani ya lenzi, kwahiyo flashi yake inawaka pamoja na shata hata kwenye 1/2000 ya sekunde. 1100D kwa flashi hizo mwisho ni 1/200. Jua la saa sita mchana kule juu, mtu mweusi amevaa kofia, uso umekuwa kivuli kitupu na nyuma mawingu yanameremeta, G7 X unafungua flashi kidogo, unaweka kichujio chake cha ndani cha kupunguza mwanga, unapata uso na mawingu vyote na bado uko f/2.8. Kwa hiyo flashi ya G7 X sio bure kabisa, ni darini tu haifiki.

Tena ina waifai, picha inaingia kwenye simu mkiwa bado mlimani. 1100D mpaka ufike kwenye kompyuta.

Mvita254

Dada hapo nakubali, hiyo ya jua la mchana ni kweli na ufukweni ndiyo yafaa hasa. Ila betri yake haidumu, Canon wenyewe waipa picha 265 kwa chaji moja, na 1100D ukichungulia kwenye kidirisha yafika 700. Siku ya kipaimara yenye watoto arobaini na wazazi wao waita "na sisi moja", hiyo 265 yakata kabla ya chakula. Akinunua basi anunue na betri mbili za ziada.

Na kidirisha chenyewe G7 X haina. Mchana wa jua kioo cha nyuma hakionekani, wapiga kwa kukisia.

Kaka Ruaha

Mbona hakuna aliyetaja Ricoh GR III na Canon G1 X Mark III? Hizo ni za mfukoni na sensa ni ukubwa ule ule wa DSLR, megapikseli 24. G1 X Mark III ilitangazwa 2017 na ina kidirisha, ina reli ya flashi, ina kinga ya vumbi na matone.

fundilenzi

Ni kamera nzuri sana mkuu, lakini mpigie hesabu ile ile. G1 X Mark III lenzi yake ni f/2.8 mpaka 5.6, yani mwisho wa zumu imebana sawa na 18-55 ya kijana, faida yake ni kwamba sensa ni mpya na mwili ni mdogo, gramu 399. GR III haizumu kabisa, ni 28mm moja tu f/2.8, kwa mitaani ni raha tupu ila kwa bethidei utatembea sana, na haina flashi yake ya ndani. Betri za zote mbili ni picha 200 hivi. Na kwa bei yake ya hapa, hiyo milioni na laki mbili haigusi.

Kijana wa Kihonda

Sawa wakuu nimekaa na mdogo wangu tumeongea. 1100D siiuzi. Natafuta 50mm STM ya mtumba na YN560 kwanza, kazi za mwezi wa kipaimara zikiingiza hela ndio nirudi kwenye habari ya kamera ya mlimani, na video za mapishi tutaendelea na simu yake ambayo ina 4K. Huyo muuzaji nimemwambia ukweli asinisubiri.

Swali la mwisho, hiyo YN560 nasikia haina otomatiki, unapanga mwenyewe nguvu ya mwanga. Nianzie wapi nikiingia sebuleni?

Mzee wa Sanduku

Ndiyo haina, na ni vizuri kwako maana utajifunza haraka. Kamera iweke M, unapanga kila kitu mwenyewe. Shata 1/125, f/5.6, ISO 800, flashi iweke 1/4 ya nguvu yake na kichwa chake kitazame dari kidogo kwa nyuma yako, sio juu ya kichwa cha mtu, ukiiweka juu yake macho yanakuwa mashimo. Piga moja, tazama. Ikiwa giza panda 1/2, ikizidi shuka 1/8, vingine usiguse. Dari ikiwa ya mbao au imepakwa rangi, usiitumie, itawapaka watu rangi hiyo hiyo, geuza kichwa kwenye ukuta mweupe wa pembeni. Na nunua betri za AA za kuchaji, seti mbili, zile za kawaida zitakuishia katikati ya keki.

fundilenzi

Na kwenye kununua 50mm, hakikisha imeandikwa STM. Ile ya zamani ya f/1.8 II nayo inapiga vizuri ila mota yake ina kelele na imeunganishwa kwa plastiki nyepesi sana, nyingi za mtumba zimeshagawanyika vipande viwili na kubandikwa gundi. Ishike, itikise taratibu kwenye sikio, washa kamera fokasi karibu alafu mbali mara kadhaa, alafu mulika tochi ya simu kupitia nyuma ya lenzi utafute nyuzi nyuzi za fangasi. Ukiona nyuzi, mrudishie mwenyewe hata akishusha bei.